Dawa ya Maumivu na Kufunga Choo

Maneno ya hotuba kwa watunza wagonjwa wa Nyeri na miji ya Mlima Kenya



Jambo linaloelezwa hapa ni jambo ambalo watu wenye adabu hawalitaji wakati wa chakula, wala mgonjwa hapendi kulisema mbele ya wageni waliokuja kumjulia hali. Lakini kwa kuwa halisemwi, wagonjwa wengi hupata taabu ambayo ingaliweza kuzuiwa kwa vidonge viwili vya bei nafuu. Jambo lenyewe ni kufunga choo, na hasa kule kufunga choo kunakoletwa na dawa za kutuliza maumivu.

Na ufikiriwe mfano wa mzee wa upande wa Othaya, mwenye saratani ya tezi la kiume iliyokwisha kuingia katika mifupa ya mgongo. Mzee huyu amepewa dawa ya maji iitwayo mofini, na juma la kwanza watu wa nyumbani wanashangaa kwa furaha. Analala usiku kucha, anakula uji wake, anatoka kuota jua na kuuliza habari za ng'ombe wake. Juma la pili anaanza kukisukuma chakula kando. Tumbo limevimba, ulimi umekuwa mzito, na kila aulizwapo hujibu kwamba hana neno. Juma la tatu anaugua tena kama zamani, na jirani wanasema kwa huzuni kwamba ugonjwa umeishinda dawa.

Ugonjwa haukuishinda dawa. Mzee ameacha kuinywa. Kila apewapo kikombe hungoja aliyemletea aondoke, kisha humwaga dawa chini ya kitanda. Siku sita zimepita bila kwenda choo, naye amepima maumivu mawili, ya mgongo na ya tumbo, akachagua yale aliyoyazoea. Hakumwambia mtu, kwa sababu amletee kikombe ni mke wa mwanawe, na mzee wa heshima hawezi kumwambia mkwe wake habari za choo.

Wauguzi wanaowatembelea wagonjwa majumbani huwakuta wengi wa namna hii, wake kwa waume, wala si wenye saratani peke yao. Yumo kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu katika barabara ya Karatina akapewa tramadoli. Yumo mama mchuma chai aliyezoea kununua vidonge vyenye kodeini kwa ajili ya kiuno. Mofini, kodeini, tramadoli na dihidrokodeini ni dawa za ukoo mmoja. Ya kwanza katika ukoo huo ni mofini, ambayo hutoka katika utomvu wa mmea wa afyuni, na aliyeitenga kwanza ni Mjerumani mmoja mtengeneza dawa, jina lake Friedrich Sertürner, mwanzoni mwa karne ya 19. Tangu hapo hadi leo haijapatikana dawa iliyo bora sana kupita hiyo kwa maumivu makali ya saratani, na Shirika la Afya Duniani liliiweka katika mwongozo wake wa kutuliza maumivu ya saratani wa mwaka 1986.

Sasa yafaa ifahamike jinsi dawa hii ifungavyo choo. Utumbo wa mtu hausukumi chakula kwa mkupuo. Humfanana mtu akamuaye ng'ombe: vidole hufumba kimoja baada ya kingine, na maziwa hushuka. Ndivyo kuta za utumbo zinavyobana kwa zamu, mchana na usiku, na chakula kikashuka kidogo kidogo. Mofini huutuliza ubongo na uti wa mgongo usisikie maumivu, lakini mahali inapojishika katika ubongo panafanana na mahali palipo katika kuta za utumbo. Basi inapotuliza huku hutuliza na huku. Utumbo hulala, mikamuo hupungua, na chakula hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Na kwa kuwa kazi ya utumbo mpana ni kufyonza maji, kadiri choo kikaavyo ndivyo kikaukavyo, mwisho kikawa kama udongo wa shamba la Kieni wakati wa ukame. Tena msuli wa mlangoni hubana zaidi, na hata hamu ya kwenda haja hupungua.

Mwenye kulitilia shaka neno hili na akumbuke dawa ya kuzuia kuharisha iitwayo loperamidi, inayouzwa katika kila duka la dawa kutoka Nanyuki hadi Embu. Nayo ni ya ukoo ule ule wa mofini, ila imetengenezwa isiingie katika ubongo. Waganga wameitumia sifa ile ile inayowatesa wagonjwa wa maumivu iwe tiba kwa mwenye kuharisha.

Liko neno moja ambalo watunza wagonjwa hawana budi kulishika kuliko yote. Mgonjwa aanzapo mofini aghalabu huona usingizi na kichefuchefu, na mambo haya hupungua baada ya siku chache, kwa maana mwili huyazoea. Utumbo hauzoei. Mwenye kufungwa choo na mofini juma la kwanza atafungwa choo mwezi wa tano, asipopewa msaada. Kwa hiyo kusema "ngoja tuone kama atafunga choo" ni kosa. Dawa ya kulainisha choo huanza siku ile ile ianzapo mofini, hata kama mgonjwa alikwenda choo vizuri asubuhi hiyo, nayo huendelea kila siku. Asiyehitaji ni yule tu ambaye tayari anaharisha. Mgonjwa akipewa chupa ya mofini bila dawa ya choo, mtunzaji na aulize pale pale dirishani, bila kuona haya, kabla ya kupanda matatu ya kurudi nyumbani.

Dawa zenyewe ni za namna mbili. Ziko zinazouamsha utumbo ukamue, kama bisakodili na sena, na ziko zinazovuta maji ili choo kiwe laini, kama maji matamu ya laktulosi. Kwa mwenye kutumia mofini, dawa ya kuamsha ndiyo ya kwanza, maana ugonjwa wenyewe ni usingizi wa utumbo. Kidonge cha bisakodili huwa na miligramu 5, na watu wazima aghalabu huambiwa wameze kimoja au viwili wakati wa kulala, ili kifanye kazi baada ya saa 6 hadi 12, yaani asubuhi. Katika nchi ya Nyeri iko hatari ndogo ambayo pengine haikuandikwa katika bahasha ya dawa. Kidonge hiki kimevikwa ganda ili kisiyeyuke tumboni, kiyeyuke chini katika utumbo. Kikimezwa kwa chai ya maziwa, kama watu wengi wa huku wamezavyo dawa zao, ganda huyeyuka mapema, tumbo likasokota na dawa ikapungua nguvu. Kimezwe kizima kwa maji, na chai ingojewe saa moja. Vivyo hivyo kisimezwe pamoja na dawa za kiungulia. Laktulosi haina haraka; huenda ikachukua siku mbili, kwa hiyo anayeinywa mara moja na kuiacha kwa kuwa haikufanya kitu hakuipa nafasi.

Wengine watasema kwamba wazee wa zamani hawakuhitaji vidonge, kwani walikula chakula cha shamba. Maneno haya yana kweli ndani yake, tena kweli iliyothibitishwa hapa hapa Afrika ya Mashariki. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaza hospitali za Uingereza yalikuwa haba sana kwa watu wa vijijini Uganda. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili waliandika katika gazeti la madaktari, The Lancet, kwamba chakula cha mwanakijiji wa Uganda hupita tumboni kwa muda wa siku moja na nusu hivi, hali cha Mwingereza hukawia zaidi ya siku tatu, na choo cha yule wa kwanza huwa kizito mara nyingi kuliko cha wa pili. Sababu kubwa aliyoitaja ni makapi ya chakula: maganda ya nafaka, maharagwe, viazi na mboga, ambayo utumbo hauyayeyushi. Githeri, nduma, viazi vitamu, terere na managu ni vyakula vya namna hiyo. Mkate mweupe na chipsi za mjini Nyeri si vya namna hiyo, na anayekula hivyo asubuhi na jioni kisha akashangaa kwa nini hafunguki tumbo, ajiulize mwenyewe.

Lakini ushauri wa Burkitt ulikuwa kwa watu wenye utumbo ulio macho. Mgonjwa wa mofini utumbo wake umelala, na kuujaza makapi bila kuuamsha ni kama kuongeza magunia katika lori lililokwama matopeni. Mtu dhaifu, asiyekunywa maji ya kutosha, akilishwa githeri nyingi au unga wa pumba ili "afunguke", huenda akazibika zaidi. Chakula chake kiwe laini chenye maji: uji wa wimbi, viazi vitamu vilivyopondwa, mchuzi wa mboga, papai, parachichi, embe la Mbeere likiwa msimu wake. Chakula ni msaidizi wa dawa ya choo, wala hakichukui mahali pake.

Habari ya maji nayo si ndogo katika nchi ya baridi. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, ukungu ukiwa umeshuka hadi mlangoni, hakuna atamaniye kikombe cha maji baridi, seuze mgonjwa. Apewe maji ya moto, au uji mwepesi, kidogo kidogo mara nyingi. Ila mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo afuate kipimo alichopewa na daktari wake.

Kwa wale walio mbali na duka la dawa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatunza wagonjwa nyumbani unataja vitu viwili vipatikanavyo karibu kila mahali: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kabla ya kifungua kinywa, na mbegu za papai zilizokaushwa, kati ya 5 na 30, zitafunwazo usiku. Mafuta wasipewe wanaopaliwa wanapomeza, yasije yakaingia mapafuni. Na mbegu za papai wasipewe wanawake wenye mimba. Ama mbarika, ambao humea ovyo kandokando ya mashamba, mbegu zake ni sumu inayoweza kuua na zisitafunwe kamwe, na mafuta yake, ijapokuwa ni haluli ya tangu kale, ni makali mno kwa mtu aliyedhoofika. Hali kadhalika maji ya mizizi yanayotiwa kwa bomba kwa nyuma. Utumbo wa mgonjwa ni mwembamba, na wako waliotobolewa au kuunguzwa ndani kwa njia hiyo. Kazi ya bomba ni ya muuguzi.

Sasa turudi kwa yule mzee na mkwe wake, maana hapa ndipo penye shida kubwa kuliko ya dawa. Dawa hununuliwa, lakini aibu haina duka. Katika nyumba nyingi za Mlima Kenya mtunzaji ni mke wa mwana, na adabu iliyo kati yake na baba wa mumewe haimruhusu kuuliza. Haifai kuwalaumu. Adabu hiyo ndiyo iliyoiweka nyumba pamoja. Yafaa kutafuta mlango mwingine, na mlango upo. Kwa desturi ya Wakikuyu, mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, nao wawili hutaniana kama marika. Maneno ambayo mzee hawezi kumwambia mwanawe, humwambia mjukuu wake huku akicheka. Hali kadhalika nyanya na mjukuu wa kike anayeitwa jina lake. Kijana wa miaka kumi na minane aliyeelezwa vizuri na muuguzi anaweza kumwuliza babu kila asubuhi, "Leo umekwenda?" na kutia alama katika daftari. Pasipokuwa na mjukuu, rika moja la mzee au sista wa zahanati atafaa.

Daftari hilo halihitaji ufundi. Tarehe, amekwenda au hakwenda, kigumu, laini au maji, dawa ya choo amemeza au hakumeza. Mtu mzima mwenye afya anaweza kwenda mara tatu kwa siku, au mara tatu kwa juma, na yote mawili ni sawa. Kwa mgonjwa wa mofini, siku ya tatu ikipita bila kwenda, habari zipelekwe kwa muuguzi bila kungoja ya nne.

Iko na habari ya choo chenyewe. Kuchuchumaa juu ya shimo ni mkao mzuri kwa kazi hii, kwani magoti hupanda juu ya nyonga na njia hunyoka. Lakini mwenye saratani ya mifupa hawezi kuchuchumaa, na choo kikiwa mita thelathini chini ya mteremko wenye utelezi, usiku wa mvua, atajizuia hata asubuhi, na kujizuia huzidisha ugumu. Fundi yeyote wa mbao Karatina anaweza kukata tundu la duara katika kiti cha kawaida. Ndoo ikawekwa chini, na kibao cha kukanyagia kikainua miguu. Kiti kiwe nyuma ya pazia. Wakati ulio bora ni nusu saa baada ya kifungua kinywa, kwani tumbo lipokeapo chakula huuamsha utumbo wa chini. Mgonjwa aachwe peke yake kwa dakika kadhaa, bila watoto kuchungulia.

Mtego mmoja huwanasa hata watu wenye elimu. Mgonjwa aliyefunga choo siku nyingi huanza ghafula kutoa maji maji, kidogo kidogo, hata katika nguo. Watu wa nyumbani hushukuru kwamba amefunguka, au huogopa kwamba anaharisha, wakaenda dukani kununua loperamidi. Kumbe choo kigumu kingali kimeziba njia kama jiwe, na maji hayo yanapenya kando yake. Dawa ya kuzuia kuharisha ikiongezwa juu ya hapo, hali huwa mbaya sana. Dalili za kumtambua ni hizi: siku nyingi zilitangulia bila choo, tumbo ni gumu likiguswa, na anayetoka ni mchirizi tu. Mtu huyu ahitaji muuguzi kumchunguza kwa kidole chenye glovu na kumzibua kwa dawa ya kutia nyuma.

Tena kuna hali zisizongoja hata usiku mmoja. Akitapika, tumbo limevimba, halitoi hata upepo, na maumivu yanamjia kwa vipindi, asipewe dawa yoyote ya kuendesha. Huenda utumbo umezibwa na uvimbe, na kuusukuma ni kuupasua. Mwenye saratani ya mgongo ambaye ghafula miguu inakuwa dhaifu, na mkojo na choo vinasimama pamoja, uti wa mgongo wake unabanwa, na saa chache zaweza kuamua kama atatembea tena. Wote hawa ni wa kupelekwa hospitali mara moja.

Wako na wengine ambao hawatumii mofini, lakini huhangaika na tumbo miaka mingi: mara limefunga, mara linaharisha, linauma na kujaa upepo, kisha wakienda choo hupata nafuu. Madaktari wakiwapima hawaoni kidonda. Huu ni ugonjwa wa kweli; utumbo wao huudhika upesi, na fikira nzito za karo ya shule au za deni huuchokoza zaidi. Kwao makapi hufaa, lakini yaongezwe polepole, na maharagwe huwajaza upepo kuliko viazi vitamu au shayiri. Ila mtu aliyepita miaka 50 ambaye desturi ya tumbo lake imebadilika karibuni, au mtu wa umri wowote anayetoa damu, kukonda bila sababu, au kupungukiwa damu, asijiite mgonjwa wa upepo. Na achunguzwe.

Nairobi Hospice ilipoanza mwaka 1990 ilikuwa ya kwanza nchini Kenya, na miaka mitatu baadaye Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, ambako mofini ya maji ilitengenezwa kwa unga na maji kwa bei ndogo. Leo Nyeri ina hospisi yake, na Meru pia. Katika nyumba hizi swali la choo huulizwa pamoja na swali la maumivu, na mgonjwa wa Othaya akija na daftari lake lililotiwa alama na mjukuu, mazungumzo huwa mafupi.

Mofini ikiongezwa kwa kuwa maumivu yamezidi, dawa ya choo nayo huongezwa, kwa shauri la muuguzi. Na kwa yule kijana wa mguu uliovunjika, ambaye mfupa umeunga na tramadoli inapunguzwa, dawa ya choo isitangulie kuachwa. Iendelee siku chache baada ya kidonge cha mwisho cha maumivu, hata utumbo uamke wenyewe.